Korja Kumi za Zuberi

Kuanzia mwaka 2011, kijiji kizima cha Zuberi Ngwele, kule kwenye delta ya Rufiji, kiliamini kwamba kijana wao ni imamu wa msikiti huko Doha. Zuberi hakudanganya mtu. Alichosema kwenye simu ni kwamba kazi yake mpya iko msikitini, salio likakatika. Yaliyobaki aliyamalizia baba yake, Mzee Ngwele, ambaye ukimpa kijiko cha habari anakurudishia sufuria limejaa mpaka juu. Kufika Ijumaa imamu alikuwa tayari ana kanzu tatu na anaswalisha mabalozi.

Zuberi alipopiga tena simu ili asahihishe, akakuta foleni. Shangazi anaomba dua ya magoti. Jirani anaomba dua dhidi ya nguruwe wanaomaliza mpunga. Kocha wa timu ya kijiji anaomba dua ya mechi ya Jumapili. Zuberi akaona aibu, akaitikia tu amin. Timu ikashinda bao nne, na baada ya hapo njia ya kurudi nyuma ilizibwa kwa shangwe.

Ukweli ni kwamba alikuwa mlinzi. Alikuwa na kizibao cha manjano, redio ya upepo isiyojibu, kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliotubu, na msikiti mmoja mkongwe uliofungwa kwa uzio wa mabati ukisubiri kukarabatiwa.

Tena hata ulinzi hakuuomba. Alikwenda Qatar mwaka 2009 kufanya kazi hotelini. Huko wakamfundisha kukunja taulo kitandani liwe na umbo la bata maji mwenye shingo ndefu. La kwake likatoka kama bata aliyegongwa na lori, na mgeni mmoja akapiga simu mapokezi kuuliza kama hayo ni matusi. Akahamishiwa udereva. Mtihani wa leseni aliufeli mara tano, na mara ya tano askari aliyekuwa pembeni yake alimshauri kwa upole, kama mzazi, atafute kazi isiyo na magurudumu. Ndipo akaangukia kwenye kampuni ya ulinzi, akapewa kitanda cha juu katika chumba cha watu sita mtaa wa Najma, ghorofani juu ya kinyozi, akakutana na msimamizi wake, Ndirangu.

Ndirangu alikuwa Mkenya wa Nyeri, mtu wa viatu vinavyong'aa hata penye vumbi, anayezunguka malindo yote kwa gari dogo jeupe akisaini vitabu. Alimtazama Zuberi, akasoma faili lake, akafikia uamuzi wa busara: huyu apelekwe mahali ambapo hakuna cha kuiba. Kwa hiyo akampeleka msikitini.

Sasa huo msikiti. Ulikuwa mdogo, mrefu na mwembamba kama treni iliyosahauliwa stesheni, katikati ya mtaa wa zamani ambao nyumba zake nyingi zilikuwa zimeshapigwa chini zikapanda ghorofa. Wazee wa mtaa walisema ulijengwa na tajiri mmoja wa lulu enzi zile Waturuki walipokuwa na kikosi cha askari mjini hapo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Zaidi ya hapo hakuna mzee aliyekubaliana na mwenzake. Wa kwanza alisema ofisa wa Kituruki alichangia mawe. Wa pili alisema ofisa huyo hakuchangia hata kokoto, alichangia maoni: alitaka kuba kubwa juu na mnara mwembamba kama penseli, ndivyo msikiti wa mtu anayejiheshimu unavyokuwa kwao. Tajiri akamjibu, bwana ofisa, fundi wangu kuba hajawahi kulijenga, na wewe askari wako hawajalipwa tangu mfungo uliopita, kila mmoja abaki na lake. Wa tatu alisema wenzake wote wawili waongo, na kwamba aliyejenga ni babu yake.

Kuba halikujengwa. Mnara ulijengwa, mnene chini na mwembamba juu, mfupi, kama chupa ya chai yenye kifuniko. Kuta ni mawe ya pwani na chokaa. Dari lenyewe lilikuwa tambarare: miti iliyopangwa ubavu kwa ubavu, juu ya miti mianzi iliyopasuliwa na kusukwa, juu ya mianzi jamvi, juu ya jamvi udongo ulioshindiliwa. Miti yote ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta ya kijani na mtunzaji fulani wa miaka ya nyuma, mtu aliyependa sana kijani kuliko alivyopenda miti.

Mwaka wa kwanza Zuberi alilinda karatasi, maana ukarabati wenyewe ulikuwa unasubiri sahihi kutoka ofisi moja iliyokuwa inasubiri sahihi kutoka ofisi nyingine. Mwanzoni mwa 2012 sahihi zikakutana. Yakaja majukwaa ya chuma, wakaja mafundi, akaja msanifu majengo, Bi Nermin, mama mfupi kutoka Istanbul mwenye kofia ngumu iliyomzidi kichwa. Alikuwa amesomea misikiti ya enzi za masultani wao, na alikuja na matumaini ya kukuta mkono wa Kituruki. Akazunguka siku tatu. Alichokuta ni msumari mmoja wa shaba, nao pengine ni wa fundi wa umeme.

Siku ya nne, mafundi walipokuwa mapumziko ya jua kali, Zuberi alipanda jukwaa. Mlinzi haruhusiwi kupanda jukwaa. Lakini alikuwa ameketi chini ya dari lile kwa siku zaidi ya mia tatu, na kuna kitu kilikuwa kinamwasha. Akakwangua rangi ya kijani kwa ukucha kwenye kichwa cha mti mmoja, mahali unapoingia ukutani. Chini ya kijani kukatoka wekundu, wekundu wa nyama. Akapapasa kando yake, vidole vikaingia kwenye chale: mbili za shoka, na ya tatu imezikata mshazari.

Zuberi akacheka peke yake mpaka kofia ikaanguka chini.

Ilikuwa mikoko. Boriti za mikoko, zile zile ambazo baba yake alizikata kwenye matope ya delta mpaka serikali ilipopiga marufuku, na babu yake kabla ya hapo, na ambazo zilipakiwa zikaenda Uarabuni vizazi na vizazi. Kila kundi la wakataji lilikuwa na chale zake, ili boriti zisichanganyike kwenye pakizo. Zuberi alizaliwa katika familia iliyokuwa inasema kuhusu boriti jinsi familia nyingine zinavyosema kuhusu ng'ombe au kuhusu ndugu waliohamia Dar. Alijua kuhesabu kwa korja, yaani boriti ishirini ishirini, kabla hajajua kuhesabu kwa makumi. Mwalimu wa darasa la kwanza alimchapa kwa hilo.

Alishuka akamweleza Bi Nermin kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiarabu cha dukani. Mama akavua kofia. Akamwambia kwamba vitabuni amesoma miti ile ilitoka Afrika, ila hajawahi kukutana na mtu anayeifahamu kwa sura. Halafu akamuonyesha kitu ambacho Zuberi hakuwahi kukiwaza: boriti ya mkoko ina mita tatu na kidogo, na nafasi kati ya ukuta na nguzo ni mita tatu kasoro kidogo. Ukitaka msikiti mpana zaidi, unaongeza safu nyingine ya nguzo. Msikiti huu una safu tatu, ya mwisho ikiwa ndiyo inayotazama uwanja, bila ukuta.

"Kwa hiyo," Zuberi akasema, "huu msikiti una upana wa mikoko mitatu."

Mama akacheka, akasema alikuja kutafuta babu zake, amekuta wa Zuberi.

Hapo ndipo kichaa kilipoanza. Kila lindo duniani lina kitabu cha matukio, ambacho walinzi wetu wote wanakiita OB, na kila saa mlinzi anatakiwa aandike kilichotokea. Kwa kuwa hakitokei kitu, anaandika "Hali shwari". Zuberi alikuwa ameandika hali shwari zaidi ya mara elfu nne. Mkono wake ulikuwa unaiandika wenyewe, ungeweza kumkata kichwa na mkono ukaendelea. Sasa kwa mara ya kwanza alikuwa na la kuandika. Kila siku mapumziko ya mchana alipanda jukwaa, akapapasa boriti tatu au nne, akashuka, akaandika:

"Saa 6.10 mchana. Korja ya kwanza, boriti ya tatu. Imepinda kushoto kama mtu anayechungulia kwa jirani. Chale mbili na mshazari, upande wa kibla. Haijasogea."

"Saa 7.00 mchana. Korja ya kwanza, boriti ya kumi na nne. Ina kitambi. Vifundo viwili mgongoni. Haina chale, nadhani aliiba mtu. Haijasogea."

Na Ndirangu? Ndirangu alikuja kila Alhamisi na kalamu yake ya wino wa buluu, akasaini kurasa zote za wiki kwa pamoja, injini ya gari ikiwa inanguruma. "Imekaguliwa. Ndirangu." Hakusoma hata neno moja. Kusoma OB, kwa maoni yake, ilikuwa ni dharau kwa mlinzi, ni kama humwamini. Aliweka sahihi kwenye kitambi, akaweka kwenye mchunguliaji wa jirani, akaweka kwenye boriti ya korja ya sita ambayo Zuberi aliandika kwamba inafanana na shemeji yake. Miezi miwili na siku kadhaa, korja kumi kamili, zote zimekaguliwa.

Mwezi wa saba mafundi wakateremsha dari. Kila boriti ilifungwa kikaratasi chenye namba, kwa kamba, ikalazwa uwanjani. Zikaoshwa rangi ya kijani zikabaki nyekundu. Halafu Agosti ya Doha ikafanya kinachofanywa na Agosti ya Doha. Wino wa namba zile ukapauka, ukawa kijivu, ukawa mweupe. Mwanzoni mwa Septemba Bi Nermin alitoka likizo akakuta boriti mia mbili na kumi, kila moja imevaa kikaratasi cheupe pee, kama wanafunzi waliorudisha mtihani bila kujibu.

Alikuwa na picha, lakini kwenye picha miti yote iko kwenye kijani, imefanana kama makuruta kwenye gwaride. Na boriti si bomba la kiwandani. Kila moja imepinda kivyake, imechongwa kichwa kiingie kwenye tundu lake ukutani. Ukiikosea, jirani yake haingii, na dari linapanda na kushuka kama mawimbi. Mama akaketi juu ya rundo na kofia yake mapajani.

Yote hayo Zuberi hakuyajua vizuri, kwa sababu wiki ile ile alikuwa na msiba wake mwenyewe. Makao makuu yalitaka cheti cha ubora, wakaagiza vitabu vya OB vya nusu mwaka vikaguliwe. Ndirangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, ikabidi afungue kitabu na kukisoma. Alikuja lindoni mchana, viatu havikung'aa.

"Zuberi, hii ni nini? 'Boriti ya kumi na nne ina kitambi.' Hii ni OB ama ni albamu ya familia?"

"Bosi, si ulisaini?"

"Nilisaini kazi. Sikusaini kitambi."

"Kipo juu ya sahihi yako, bosi. Ukurasa wa nne."

Ndirangu akatembea akizunguka kiti cha plastiki. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu apandishwe cheo, na tayari alishamwambia mkewe, Nyaboke, kule Nyeri, aanze kuaga ili amfuate Doha. Akapiga hesabu kama mwanasheria. Kosa la kuandika upuuzi kwenye OB ni la wawili: aliyeandika na aliyesaini. Kosa la kupoteza OB ni la mmoja: aliyepoteza. Kwa hiyo kitabu kikapotea. Kilipotea mbele ya macho ya Zuberi, kikaingia kwenye buti la gari jeupe, chini ya tairi la akiba. Jioni ripoti ikaenda ofisini: mlinzi Zuberi Ngwele amepoteza kitabu cha kampuni. Jumatatu jibu likaja pamoja na tiketi. Ndege ya Dar, Alhamisi, saa nne asubuhi.

Ndirangu hakuwa mtu mbaya. Alimletea tiketi pamoja na chai ya maziwa na chapati, akamwambia kwa huruma kabisa kwamba nyumbani ni nyumbani.

Nyumbani kwa nani? Zuberi aliitazama tiketi akaona kijiji kizima uwanjani na matarumbeta, wamekuja kumpokea imamu. Akaona shangazi mwenye magoti. Akamwona kocha. Angewaambia nini, kwamba msikiti umemfukuza? Na mshahara uliokuwa unamsomesha mdogo wake wa kike, Hidaya, ualimu huko Mtwara, nao ungepanda ndege ile ile.

Jumanne, siku mbili kabla ya ndege, mafundi walianza kujaribu kurudisha boriti kwa kubahatisha. Zuberi alikuwa getini, amejiapiza kwamba hasemi kitu, mambo ya dari si yake tena. Wakapita wawili wamebeba boriti begani, wanaelekea mwisho wa safu ya tatu. Akaiona. Akageuza shingo. Akajaribu kuangalia barabara. Akashindwa.

"Huyo si wa huko," akasema. "Huyo ni wa tatu kutoka mwanzo, pale mihrabuni. Ni yule anayechungulia."

Mafundi wakasimama. Wakampelekea habari Bi Nermin, naye akaja mbio, kofia imeangukia machoni. Akauliza ameijuaje. Zuberi akasema haijui hiyo tu, anazijua zote, zimeandikwa. Zimeandikwa wapi? Kitabuni. Kitabu kiko wapi?

Wakati huo huo gari jeupe likaingia getini, Ndirangu akashuka.

Zuberi angeweza kumtaja. Chini ya tairi la akiba, maneno matano tu, yalikuwa yameshafika ulimini. Lakini kwao kumchongea mtu mbele ya mgeni ni kama kumvua nguo, tena mtu mwenyewe kakuletea chapati. Akasema tu kwamba kitabu kipo, ila kimepotea.

Bi Nermin akainua mikono akaiangusha. Akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye gari, kwamba amefanya kazi hii miaka ishirini na mbili na hajawahi kusikia mlinzi aliyeandika dari zima, mti kwa mti, na kwamba kama kitabu hicho kingepatikana, angeandika kwenye ripoti ya wizara jina la aliyekitayarisha na jina la aliyekihakiki.

Kumbukumbu ya Ndirangu ikarudi. Ilirudi kwa kishindo, kama mvua ya masika.

"Ati kitabu?" akasema. "Hii OB ya mikoko? Hiyo nimeiweka salama kabisa. Kitu muhimu kama hiyo huwezi acha getini."

Akaenda kwenye buti, akanyanyua tairi la akiba, akarudi na kitabu akikipangusa kwa leso. Bi Nermin akakifungua juu ya kiti cha plastiki. Hakujua Kiswahili, lakini kila ukurasa alikuta mistari imepangwa, saa imeandikwa, na chini, kwa wino wa buluu, kitu kile kile. Akauliza neno hili ni nini. Zuberi akamtafsiria: imekaguliwa. Mama akamtazama Ndirangu kwa heshima mpya kabisa.

"Kila moja? Ulipanda jukwaa kwenye joto lile ukazihakiki zote?"

Ndirangu akatazama viatu vyake. "Kazi ni kazi," akasema.

Wakaanza jioni hiyo. Zuberi alisimama katikati ya uwanja akisoma kwa sauti, Bi Nermin akichora kwenye ramani, mafundi wakitafuta kwenye rundo mwenye kitambi, mwenye vifundo, shemeji, na tundu lililokataa boriti likiachwa wazi kwanza. Ndirangu alisimama pembeni akiitikia "sawa kabisa" kwa kila boriti. Ofisi iliombwa ikakubali kusogeza tiketi wiki tatu. Kusogeza, si kufuta. Dari likikamilika, wangemwangalia upya. Lisipokamilika, ndege ipo. Zuberi aliiweka tiketi ndani ya OB, ikawa kialamishi.

Boriti zikapanda. Dari lilinyooka safu baada ya safu, na Ndirangu akaanza kuwafundisha mafundi wa Kinepali tofauti ya mkoko na ndugu yake wa matopeni, mkandaa, yeye ambaye amekulia chini ya mlima na bahari aliiona mara ya kwanza kwenye dirisha la ndege. Kufika wiki ya pili alishakuwa na msimamo kwamba boriti zile zilitoka Lamu. Zuberi akamuuliza amejuaje. Akajibu kwamba yeye ndiye mkaguzi.

Halafu, zikiwa zimebaki siku mbili, kitabu kikaisha. Korja kumi zimepanda, ukurasa wa mwisho umesomwa, na uwanjani zimelala boriti kumi ambazo hazimo kitabuni. Darini kuna matundu kumi meusi, yametawanyika huku na huko kama meno yaliyong'oka.

Bi Nermin akahesabu mara mbili. Mia mbili ziko juu. Kumi ziko chini. Akauliza kwa upole, ule upole unaotisha, hizi kumi ni za nani. Ndirangu akarudi nyuma hatua mbili, akaeleza kwamba yeye alikagua tu, kuhesabu hakuhesabu, kuhesabu ni kwa mlinzi.

Zuberi akapitia kitabu toka mwanzo mpaka mwisho. Moja mpaka ishirini, moja mpaka ishirini, hakuna iliyorukwa. Akahisi tiketi inapumua ndani ya kurasa. Akachukua simu, akampigia mtu pekee duniani anayejua korja kuliko yeye.

"Imamu," Mzee Ngwele akaitika, "mbona unapiga wakati watu wanakula?"

"Shikamoo baba. Baba, ukihesabu korja unaanza na ipi?"

"Marahaba. Naanza na kipimo."

"Kipimo?"

"Tumekulea vipi wewe? Unachagua boriti moja iliyonyooka kuliko zote, unailaza, ndiyo ya kupimia wenzake. Halafu ndiyo unaanza, moja, mbili, mpaka ishirini."

"Na hiyo kipimo ni ya ngapi?"

"Si ya ngapi, kipimo ni kipimo. Fundi cherehani akikushonea suruali, anakushonea na futi kamba?"

Zuberi akafumba macho. Alijiona kule juu, kila anapoanza korja mpya, anapapasa boriti ya kwanza iliyonyooka, anaiwekea kiganja bila kuwaza, kisha anaruka kwenye inayofuata na kusema moja. Alivyofanya baba. Alivyofanya babu. Mara kumi, na kila mara, kwa adabu zote za ukoo, hakuiandika.

Kwa hiyo zilikuwa ishirini na moja moja, na kila tundu jeusi kule juu lilikuwa mlango wa korja. Na boriti kumi zilizolala uwanjani, hebu zitazame: zote zimenyooka kama rula. Kumi si mia mbili. Kumi unajaribu kama viatu dukani. Alimpigia kelele Bi Nermin kwa lugha tatu kwa pamoja, mafundi wakaanza kupanda, na simu bado ilikuwa sikioni.

Kwa kuwa alikuwa na furaha, na furaha humlevya mtu, akamwambia baba yake ukweli. Kwamba yeye si imamu. Ni mlinzi, na hata ulinzi nusura umshinde.

"Najua," mzee akasema huku anatafuna. "Tangu mwaka jana najua. Saa zetu na zenu ni zile zile. Imamu gani anampigia baba yake simu Ijumaa saa saba mchana kumuuliza habari za kuku?"

"Sasa mbona hukuwaambia watu?"

"Niwaambie ili iweje? Kwenye shughuli nakaa mstari wa mbele. Sahani yangu inakuja na paja. Wewe linda msikiti wako, nami nilinde wangu."

Boriti ya kumi iliingia tunduni siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, kwa kugongwa mara mbili na kiganja. Ofisi ikafuta safari. Ndirangu akapandishwa cheo, Nyaboke akaja, na ripoti ya wizara ikabeba majina mawili, la mtayarishaji na la mhakiki, kwa herufi za ukubwa sawa. Kuhusu kibao cha mlangoni, kulikuwa na kikao. Zuberi alitaka kiandikwe Rufiji. Ndirangu alitaka kiandikwe Lamu. Walibishana mpaka chai ikapoa, kila mmoja akiitetea pwani yake, mmoja wao akiwa hana pwani. Bi Nermin, aliyekuwa na ndege ya kuwahi, akaandika mwenyewe: msikiti ulijengwa enzi za Waturuki, na boriti zake zilitoka pwani ya Afrika Mashariki. Msumari wa shaba hakuutaja.

Lakini cheo kipya kilimlevya Ndirangu. Waraka wake wa kwanza ulipiga marufuku maneno "hali shwari" katika malindo yote. Kila mlinzi aeleze anachokilinda, kwa kina. Zuberi akawa adui wa walinzi mia na sitini kwa mkupuo. Laban, Mganda aliyekuwa analinda jengo la vioo linalopanda kule Lusail, aliandika siku nzima: "Kioo cha kumi na tisa, ghorofa ya nane. Kimenyooka. Hakijasogea." Alikuwa na vioo elfu tatu.

Msikiti ulifunguliwa Ijumaa moja mwanzoni mwa 2013. Imamu wa kweli alikuwa Msudani mrefu, mwenye kanzu moja. Watu walijaa safu zote tatu za nguzo mpaka ukumbini, na Zuberi aliomba ruhusa ya nusu saa, akavua kizibao, akapata nafasi chini ya korja ya sita, usawa wa shemeji. Hotuba hakuisikia vizuri. Kila alipoinua macho alijikuta anahesabu.

Alipotoka alifungua kitabu kipya, akaipachika ile tiketi ya zamani mwanzoni, akaandika:

"Saa 6.55 mchana. Watu wamejaa. Boriti ya tatu inachungulia. Korja kumi zote zipo. Na vipimo vyake."